Swali Kuhusu Basi Namba Saba

Jumatatu, 9 Machi

Masika imeingia leo saa nne asubuhi, bila hodi. Daftari hili nililishona mwenyewe kwa karatasi zilizobaki kiwandani siku niliyostaafu uchapaji, likakaa kabatini miaka minne likingoja kazi. Kazi hiyo imeletwa na muuguzi wa zamu ya mchana. Jana alinivuta pembeni akaniambia, "Baba, mke wako anasikia kila kitu. Ni ulimi tu uliofungwa na kiharusi. Usikae pale kitandani kimya kama uko benki. Mwambie umekula nini, umegombana na nani." Nikamwambia miaka arobaini na moja msemaji wa nyumba alikuwa yeye, mimi nilikuwa mwitikiaji. Akacheka. "Kama ni hivyo, andika. Halafu uje umsomee."

Haya, naandika. Nimekula mkate na chai. Sijagombana na mtu.

Jumanne, 10 Machi

Nimesimama kituoni tangu saa saba na nusu mpaka saa tisa. Namba saba halikupita.

Niliandike hili vizuri, maana mwenzangu aliugua Novemba, wakati mabasi bado yapo, na huenda anadhani nimemchoka. Namba saba hupita mbele ya safu yetu ya nyumba, huteremka bondeni, hupanda tena na kusimama langoni kwa hospitali. Unapanda gari moja tu, umefika. Mwisho wa Januari likaanza kuja mara mbili kwa siku, Februari mara moja, na sasa halionekani. Bila hilo inabidi niteremke kwa miguu mpaka barabara kuu, saa nzima kwa magoti yangu haya, kisha nidandie magari mawili. Wagonjwa huonwa saa tisa hadi saa kumi na moja. Nimeshindwa kwenda kila siku. Naenda Jumatano na Jumapili.

Siku tano kwa wiki anatazama ukuta.

Alhamisi, 12 Machi

Nimegombana na mtu. Muuguzi atafurahi.

Kamati ya usafiri ya halmashauri hukutana kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, na kikao kiko wazi kwa yeyote. Najua kwa sababu tangazo hilo nililichapa mimi, miaka hiyo. Nilivaa koti la harusi ya kijana wetu. Mlinzi wa lango akaniuliza, "Mzee, umekuja kulalamikia kodi?" Nikamwambia nimekuja kikaoni. Akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi juu ya paa. "Kikaoni? Mwananchi?" Akanisindikiza mwenyewe mpaka mlangoni.

Viti vya wananchi ni arobaini. Nilivihesabu kwa sababu sikuwa na wa kuzungumza naye. Karani wa kamati, mama mmoja mwembamba mwenye miwani ya kamba, alinipa fomu na kuniambia bila kunitazama, "Swali moja. Dakika tatu."

Saa sita zamu yangu ikafika. Nilisimama nikasema, "Basi namba saba liko wapi?" Nikakaa. Sikutumia hata nusu dakika.

Mwenyekiti akamgeukia diwani wa kata yetu, kijana aliyetuomba kura akiwa amevaa raba. Diwani akasimama akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, suala hilo nitalifuatilia." Mwenyekiti akasema, "Mzee, umesikia. Atalifuatilia." Wakaendelea na rangi ya vibanda vya abiria.

Nikasimama tena bila ruhusa. "Vibanda vya kumsubiria nani?"

Karani akaniambia, "Kaa chini, baba. Swali lako limekwisha." Moyoni nikamwita bawaba ya mlango: kazi yake ni kufunga.

Jumapili, 15 Machi

Nimemsomea yote. Nilipofika kwa mbuzi wa juu ya paa, upande mmoja wa mdomo wake ulipanda. Muuguzi aliona pia. "Endelea kugombana, baba," akasema.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Mama Redio, jirani wa ukuta wa pili, amefungulia matangazo tangu alfajiri. Huyu mama anadhani mtaa mzima ni kiziwi.

Alhamisi, 26 Machi

Kikao cha pili. Peke yangu tena. Mlinzi sasa ananiita Mzee Saba. Alipoona nasitasita langoni kwa sababu nimelowa mpaka magotini, akasema, "Ingia hivyo hivyo, Mzee Saba. Asiyekuwepo na lake halipo."

Nikauliza lile lile. Safari hii alijibu ofisa usafiri, mtu mwenye sauti laini kama ya kupakwa mafuta. Akafungua jalada. "Kwa mujibu wa taarifa za mwenye mabasi, ambazo ndizo tunazozitumia kumlipa, namba saba linafanya safari kumi na nne kila siku. Hakuna tatizo katika njia hiyo."

Nilidhani nimesikia vibaya. Sikio langu la kushoto liliharibiwa na mitambo. Nikamwomba arudie. Akarudia. Kumi na nne.

Nikasema, "Mheshimiwa, mimi naishi mbele ya kituo."

"Mzee, kukaa mbele ya kituo si kipimo."

"Kipimo ni nini?"

"Taarifa."

Diwani wetu alikuwa akichezea kalamu. Nilimtazama mpaka akainua uso. Akasema, "Nitalifuatilia." Hiyo ni ya pili.

Wakati wa kutoka, karani alinisukumia karatasi mezani. "Ukitaka kuziona hizo taarifa, andika barua. Kanuni inatupa siku thelathini za kazi kujibu." Niliandika pale pale, wima. Aligonga muhuri na tarehe.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua. Sikutoka.

Jumapili, 5 Aprili

Nilifika saa kumi na robo, viatu vikitoa maji kama sponji. Amekonda. Mazoezi ya kutamka hayajaleta kitu. Mtaalamu anasema wagonjwa wanaotembelewa kila siku hurudi upesi zaidi. Alisema kwa upole, hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Nilimsomea ya ofisa usafiri. Hakutabasamu. Alinishika kidole gumba na hakukiachia mpaka kengele ya kutoka.

Alhamisi, 9 Aprili

Kikao cha tatu. Mwenyekiti aliponiona akashusha pumzi mbele ya kipaza sauti, watu wakacheka. "Mzee, jibu lako ulishapewa."

"Nilipewa namba, Mheshimiwa. Sijapewa basi."

Akaniambia barua yangu inashughulikiwa. Nilirudi kwa miguu njia nzima, kwa hasira, nikagundua nusu ya safari kwamba hasira haina magoti.

Kijana wetu alipiga simu jioni. "Baba, unajidhalilisha. Njoo huku kwangu upumzike. Mama nitamtafutia hospitali ya karibu." Amesema hivyo tangu Desemba. Nikamuuliza, na kaka zangu wa kamati nitawaachia nani? Hakucheka.

Jumapili, 12 Aprili

Daraja la bondeni limefunikwa na maji. Sikwenda.

Jumamosi, 18 Aprili

Niandike kwa utaratibu, kama kupanga herufi, moja baada ya moja, la sivyo sitamaliza.

Jumatano nilipaswa kutoka nyumbani saa sita. Mvua ilikuwa inapiga mawe. Nikasema ngoja ipungue. Hilo ni langu, silisukumi kwa mtu. Saa nane na robo simu ikalia. Muuguzi. "Baba, njoo sasa. Usingoje saa ya kutembelea."

Nilitoka na kandambili. Njia ya bondeni ilikuwa mto, kwa hiyo nikakimbilia kituoni; kichwa changu hakikutaka kuamini kwamba siku kama ile lisingekuja. Mama Redio alikuwa amesimama pale, mfuko wa nailoni kichwani. Akaniambia, "Hakuna gari hapa, baba. Nipo tangu saa saba na nusu, goti linaniua." Nilisimama naye hata hivyo mpaka saa tisa kasoro robo. Nilikuwa natazama ile kona ambako basi hutokea. Dakika hizo sizijui nizifanyeje.

Halafu nikatembea. Nikazunguka kwa juu, nyuma ya kiwanda cha matofali, maana daraja halikupitika. Nilianguka mara mbili. Barabara kuu magari yalikuwa yamejaa na hayasimami. Mwenye pikipiki mmoja alinihurumia akanifikisha njia panda; kutoka hapo nikatembea tena.

Nilifika wodini saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Kitanda kilikuwa kimezungushiwa pazia. Muuguzi alikuwa amekaa kwenye kiti changu, amemshika mkono. Alinitazama akasimama.

"Saa kumi na dakika ishirini, baba," akasema.

Mkono ulikuwa bado na joto. Nilikaa. Nilitoa daftari hili kifuani, nililokuwa nimelifunga kwa nailoni lisilowe, na nikamsomea ya Jumapili: daraja limefunikwa na maji, sikwenda. Yalikuwa maneno machache, yakaisha upesi.

Kijana wetu alifika Alhamisi usiku. Tumemzika jana. Mvua ilituachia saa moja tu.

Jumatano, 22 Aprili

Kijana ameondoka. Alitaka kunichukua, nimekataa. Nyumba imebaki na mimi. Nimepika chai ya watu wawili.

Alhamisi, 23 Aprili

Kikao. Sikwenda.

Jumanne, 28 Aprili

Nilianza daftari hili ili nimsomee mtu. Sasa sijui namwandikia nani. Lakini ikifika magharibi mkono unatafuta kalamu, kama ulimi unavyotafuta pengo la jino.

Mama Redio hajafungulia redio tangu msiba. Kimya chake kinanisumbua kuliko kelele zake. Leo nilimgongea ukuta nikamwambia, "Fungulia, jirani." Akajibu kutoka ng'ambo, "Ya sauti gani?" Nikamwambia ile ile.

Alhamisi, 7 Mei

Mlinzi aliponiona alivua kofia. "Sikudhani utarudi, Mzee Saba." Hata mimi sikudhani. Nilivaa tu nikajikuta njiani.

Niliuliza basi namba saba liko wapi.

Mwenyekiti alivua miwani. Alisema kwa sauti ya huruma, na nadhani huruma yenyewe ilikuwa ya kweli, ndiyo maana iliniuma zaidi. "Mzee, kamati inakupa pole kwa msiba. Lakini tuambiane ukweli kama watu wazima. Mgonjwa uliyekuwa ukimfuata hayupo tena. Sasa hilo basi unalitakia nini?"

Ofisa usafiri akainamisha kichwa, akisoma karatasi ambayo nadhani haikuwa na kitu.

Nikamjibu, "Nimeuliza liko wapi, Mheshimiwa. Sikuuliza ni la nani."

Hakuna aliyecheka. Diwani wetu aliangalia dirishani. Wakaahirisha jibu kwa sababu barua yangu bado iko ndani ya muda wa kanuni.

Nyumbani nilijiuliza swali la mwenyekiti, bila koti na bila ukumbi, na sikuwa na jibu zuri kama lile la mbele ya watu. Nalitakia nini? Huenda naenda kwa sababu pale kuna mtu anayelazimishwa na kanuni kunisikiliza kwa dakika tatu, na kwingine kote hakuna. Hilo ni kweli. Lakini basi halipo, na hilo nalo ni kweli. Nimekaa na kweli mbili mezani mpaka umeme ukakatika.

Alhamisi, 14 Mei

Karani wa kamati amekuja kwangu. Mwenyewe, kwa miguu, kutoka barabara kuu, matope mpaka kwenye pindo la sketi. Sikumtambua bila meza yake. Alinipa bahasha nene.

"Jibu lako. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kanuni."

Nikamwambia angeweza kuituma. Akasema, "Wamenishauri nikutumie barua peke yake. Kanuni inasema jibu na viambatanisho vyake. Nikaona nivilete kwa mkono, visije vikapotea njiani." Alikataa chai. Mlangoni akageuka. "Ni saa nzima kweli kutoka kule chini."

"Kwa magoti yangu, ndiyo."

"Hata kwa yangu." Akateremka.

Nimemwita bawaba tangu Machi. Nilisahau kwamba bawaba ndiyo inayofungua pia.

Jumapili, 17 Mei

Siku tatu juu ya karatasi hizi. Ni taarifa za kila siku za namba saba, Februari mpaka Aprili: saa ya safari, kituo, idadi ya abiria, sahihi ya dereva.

Kwanza nilitafuta tarehe 15 Aprili. Ipo. Saa nane na nusu mchana, kituo chetu, abiria waliopanda: thelathini na mmoja.

Nilikwenda nje nikasimama kwenye mvua kidogo, kisha nikarudi.

Halafu jicho la kazi likaamka. Kwenye safu ya nne kuna kistari chembamba kama unywele, kimeinama kushoto, kinagusa tarakimu ya sita. Nikafungua ukurasa wa pili: unywele ule ule, mahali pale pale. Wa tatu. Wa kumi. Karatasi zote zina unywele mmoja. Anayejua mashine ya kunakili anajua maana yake: karatasi ni moja tu, imejazwa mara moja, ikanakiliwa tena na tena, na juu wakabadilisha tarehe. Hata wino wa sahihi ya dereva umekatika mahali pamoja kila siku kwa miezi mitatu.

Nikazihesabu ili nijue ni ngapi. Aprili ilinipa thelathini na moja. Nikahesabu tena. Nikachukua ya mwisho nikaisogeza taani.

Tarehe 31 Aprili. Safari kumi na nne, abiria zaidi ya mia nne.

Nilicheka peke yangu, kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba. Mama Redio akagonga ukuta. "Baba, uko salama?" Nikamwambia aje aone. Akaja na kanga mabegani, akasoma, akaikumbuka tarehe kumi na tano bila kuulizwa. "Thelathini na mmoja? Tulikuwa mimi na wewe na lile goti langu!" Kisha akaketi kwenye kiti cha mwenzangu. Hakuna aliyekuwa amekikalia. Sikumwambia anyanyuke.

Alhamisi, 21 Mei

Nilitumia dakika zangu tatu zote.

Nilianza na unywele. Sikueleweka, niliona macho yanafifia. Mwenyekiti akatazama saa. Nikaachana na unywele nikasema, "Naomba ofisa usafiri atusomee karatasi ya mwisho ya Aprili. Tarehe tu."

Akaitafuta kwenye jalada lake. Akaisoma kimoyomoyo. Shingo yake ikabadilika rangi.

"Isome kwa sauti," akasema mjumbe mmoja wa nyuma.

"Thelathini na moja Aprili." Akakohoa. "Hili ni kosa la uchapaji, Mheshimiwa Mwenyekiti."

Nikasema, "Mheshimiwa, mchapaji hapa ni mimi. Kosa la uchapaji hukosea herufi. Halipakii abiria mia nne."

Ndipo wakacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Mwenyekiti akagonga meza akasema suala litapelekwa kikao kijacho kwa jibu kamili. Sikutoka na basi. Lakini karani aliandika kila neno. Nilimwona akipigia mstari.

Jumamosi, 30 Mei

Mvua zinapungua. Mama Redio yuko kwenye shughuli zake, anagonga milango ya safu nzima. Sijamtuma.

Alhamisi, 4 Juni

Walikuja kumi na saba. Nilipoingia walikuwa wameshakaa, wengine na nguo za kazi, mpishi wa shule bado ana unga kwenye viwiko. Mlinzi akaninong'oneza, "Leo umetuletea kijiji."

Kanuni inaruhusu swali moja kwa kila mwananchi. Mama Redio akajaza fomu. Aliposimama nilidhani atapaza sauti kama redio yake. Aliongea taratibu mpaka kipaza sauti kikasogezwa. "Tarehe kumi na tano Aprili, saa nane na nusu, nilikuwa kituoni. Karatasi yenu inasema palikuwa na watu thelathini na mmoja na basi. Palikuwa na mimi na huyu mzee, na mke wake alikuwa anakata roho upande wa pili wa bonde. Swali langu: kwa safari ile, nani amelipwa?"

Ofisa usafiri akaanza kueleza mfumo wa taarifa. Alieleza mfumo kwa dakika nne hivi. Hapo diwani wetu akasimama.

Nikajiandaa kuhesabu "nitalifuatilia" ya tatu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "nililijua jambo hili tangu Februari." "Dereva wa namba saba ni binamu yangu. Aliniambia magari matatu ya njia ile yamehamishiwa kubeba wafanyakazi wa machimbo, na madereva wakaambiwa wasaini karatasi moja. Nilimwambia ofisa usafiri. Nikaambiwa nisubiri, barabara ya kata yangu ipo kwenye bajeti. Nikasubiri."

Mpishi wa shule akasema kwa sauti, "Umesubiri ukiwa na gari lako." Mwenyekiti hakumnyamazisha.

Yaliyoamuliwa, kama karani alivyoyasoma: malipo ya mwenye mabasi yamesimamishwa, fedha alizolipwa kwa safari ambazo hazikufanyika zidaiwe, ofisa usafiri akae pembeni uchunguzi ufanyike, magari yarudi njiani ndani ya siku kumi na nne. Mwenyekiti anaendelea na kiti chake. Ni yeye aliyetushukuru kwa "kushirikiana na kamati".

Nje diwani alinifuata. "Baba, nisamehe."

Nilimtazama. Tangu Machi nilimdhania mvivu. Kumbe alikuwa mwoga, na leo ameogopa akasema hivyo hivyo. Ningependa kuandika kwamba nilimsamehe. Nilimwambia, "Ungesema Machi," nikaondoka. Wenzangu walirudi wakiimba. Nilitembea nyuma yao, kwa kisingizio cha magoti.

Jumatatu, 15 Juni

Limekuja. Saa moja na dakika kumi asubuhi, linavuja mafuta, taa moja imevunjika. Watu walilipigia makofi. Mama Redio alipanda kwanza, akageuka mlangoni. "Twende, baba!"

Nikamwambia sina ninakokwenda.

Lilipoondoka kituo kilibaki na mimi na moshi.

Ijumaa, 19 Juni

Jua, siku ya tatu mfululizo. Muuguzi alipiga simu asubuhi: kuna mfuko wa mwenzangu stoo, kijana wetu aliusahau siku ya mazishi, wanataka kusafisha.

Nilipanda la saa nane na nusu. Sikukusudia kupima, lakini macho yalitazama saa lilipoondoka na liliposimama langoni kwa hospitali. Dakika ishirini na sita. Nilikaa kwenye kiti mpaka kondakta akaniuliza kama naumwa.

Mfuko una kitana, kanga mbili, miwani. Muuguzi alinikabidhi, nikasaini. Nikamshukuru kwa yote. Hakuondoka. Alikuwa anavunja vunja kifuniko cha kalamu.

"Baba, kuna jambo sikukuambia siku ile. Nilishindwa."

Nikamwambia aseme.

"Kila siku, ikifika saa tisa, alikuwa anageuza uso mlangoni. Hata siku ambazo si zako. Mimi nilikuwa namwambia, mumeo yuko njiani, basi limechelewa. Kila siku namwambia hivyo hivyo. Siku ile saa tisa na nusu akageuka tena. Nikamwambia tena. Ndipo akasema neno. Lilitoka safi, baba, kama hajawahi kuugua. Akasema, 'Basi.'"

Alifuta macho kwa mkono wa sare.

"Tangu siku hiyo najiuliza. Sijui kama alikuwa anarudia langu, yaani gari. Au alikuwa ananiambia imetosha, nisimdanganye tena. Najiona kama nilimuumiza. Wewe umeishi naye. Alimaanisha lipi?"

Nilitazama kitanda kile. Kilikuwa na mgonjwa mwingine, mama mnene aliyelala chali, na mtu wake alikuwa anammenyea chungwa. Saa ilikuwa tisa na dakika kumi.

"Gari," nikamwambia. "Alikuwa anauliza kama limefika."

Alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akacheka kidogo na machozi yake. "Ahsante, baba. Ahsante sana." Akaenda kuitikia kengele ya kitanda cha tatu.

Mimi sijui. Miaka arobaini na moja, na sijui.

Nilirudi na la saa kumi. Lilikuwa na abiria tisa. Nilikaa dirishani, mfuko mapajani, na nikashuka kituo kimoja kabla ya kwetu, nisifike nyumbani upesi.